Mboji, pampasi na mrututu: namna ya kuona kwa macho yako jinsi metali zinavyoshikwa

Msimu uliopita nilitaka kuokoa safari moja ya kihambani. Nilikuwa nimetengeneza dawa ya kopa, yaani shaba, kwa mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa, ule mchanganyiko wa Bordo, kwa ajili ya kutu ya majani ya kahawa. Pembeni nilikuwa na chupa ya maji meusi ya humiki, ile asidi ya mabaki yaliyooza. Nikamimina nusu kikombe humo humo ndani ya bomba la mgongoni, nikatikisa, nikaondoka. Sikumaliza hata mstari wa kwanza wa mibuni, nozeli ikaziba. Nikaizibua kwa unyasi, ikaziba tena. Nilipofungua bomba nikakuta chini kumelala tope la kahawia linaloteleza kama mlenda.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kwa hiyo aibu ilikuwa yangu peke yangu, maana kilichotokea kwenye lile bomba ndicho ninachokiandika ubaoni kila mwaka: ioni za metali zenye chaji mbili zimekutana na asidi ya humiki, zikaishika, ikaganda. Tangu hapo kila anayeniuliza "humiki inafanya nini hasa?" simpi maneno. Ninampa vichupa sita na siku tatu. Hapa chini ndivyo tunavyofanya. Nimeongeza na unga wa pampasi, kwa sababu ni polima ya kiwandani inayopatikana kila duka, na ukiiweka kando ya mboji tabia za zote mbili zinajitokeza waziwazi.

Jambo la kulijua kabla ya kuanza

Asidi ya humiki si kitu kimoja chenye umbo moja. Ni mkorogo wa mabaki ya majani, mizizi na vijidudu vilivyooza hadi havitambuliki tena. Ndani yake kuna makundi ya kaboksili na makundi ya fenoli. Kundi la kaboksili likiachia haidrojeni yake linabaki na chaji hasi, na hiyo chaji hasi ndiyo mkono unaodaka metali. Kaboksili huachia haidrojeni mapema, kwenye pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya 3 hadi 5 hivi. Fenoli ni bahili zaidi, hukaza mpaka pH ipande kufika 8 na kuendelea.

Ule unga wa pampasi ni sodiamu poliakrilati. Huu ni mnyororo mrefu ambao kila pingili ina kaboksili moja, na minyororo imefungwa fundo hapa na pale ili isiyeyuke bali ivimbe. Pingili moja na sodiamu yake ina uzito wa 94, kwa hiyo gramu moja ya polima hiyo ikiwa safi ina takriban milimoli 10.6 za mikono. Gramu moja ya asidi ya humiki kwa kawaida ina kaboksili milimoli 3 hadi 5. Kwa wingi wa mikono pampasi inaongoza mbali. Ila wingi wa mikono si nguvu ya mshiko, na hilo utaliona.

Vya kuandaa

Mboji iliyoiva na kuchekechwa, gramu 20. Ichukue chini ya rundo, ile nyeusi isiyonuka. Kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa hadi moli 1 kwa lita, iombe maabara ya shule. Karatasi za pH, maji ya amonia, karatasi za kuchujia, mizani inayopima nusu gramu, bomba la sindano lisilo na sindano, na vichupa vya kioo visivyo na rangi. Maji yawe ya mvua. Maji ya kisima yana kalsiamu na yatakuharibia kazi kabla hujaanza.

Halafu chumvi zako, kila moja ndani ya mililita 100 za maji: chumvi ya mezani gramu 0.6, mbolea ya kalsiamu naitreti gramu 2.2, mrututu gramu 2.5. Ukifanya hivyo zote zinakuwa na nguvu ya moli 0.1 kwa lita, ndipo ulinganisho unakuwa wa haki. Chumvi ya mezani iwe ya kawaida, wala usijali madini joto yaliyomo. Ya nne ni shabu, ile ile ambayo bibi zetu wanaizungusha kwenye ndoo ya maji ya tope. Kipande cha ukubwa wa harage kiyeyushe kwenye mililita 100, hii haihitaji kupimwa.

Mrututu ni sumu ukinywa, na kostiki inababua ngozi na kupofusha macho. Vaa glavu na miwani, na chombo chochote utakachotumia kisirudi jikoni. Pia usiweke maji ya mrututu kwenye ndoo ya bati au kopo la chuma. Shaba itajipaka kwenye chuma, chuma chenyewe kitaliwa, na hutajua tena umebakiwa na shaba kiasi gani.

Siku ya kwanza: kukamua humiki

Pima kostiki gramu 4, iongeze kidogo kidogo kwenye lita moja ya maji. Usifanye kinyume, kwa maana ya kumwagia maji juu ya kostiki, kwani yatachemka na kukurukia. Chukua mililita 200 za maji hayo, tia mboji yako gramu 20 kwenye chupa ya plastiki yenye kizibo, tikisa dakika kumi, pumzika, tikisa tena. Iache ilale usiku kucha.

Kostiki hapa inafanya kazi moja: inanyang'anya makundi yote haidrojeni zake. Humiki ikijaa chaji hasi, vipande vyake vinasukumana na kuyeyukia majini. Njia hii ni ya zamani. Mjerumani Franz Karl Achard aliitumia kwenye udongo wa kinamasi mwaka 1786, na mpaka leo maabara za udongo zinaifuata kwa marekebisho madogo tu.

Wapo wanaoipinga, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika kwamba kinachotolewa kwa kostiki si sura halisi ya kilichomo udongoni, bali ni zao la kostiki yenyewe. Mimi naona kwa kazi yetu ya vichupa haidhuru, kwa kuwa makundi yanayoshika metali yamo kweli kwenye mboji. Lakini usije ukadhani hiki unachokiona chupani ndicho kinachotembea ardhini kwa umbo hilo hilo.

Siku ya pili: kuigandisha na kuirudisha

Asubuhi mimina maji ya juu polepole bila kuvuruga mashapo, yachuje kwa kitambaa kisha kwa karatasi. Rangi yake iwe ya chai ya mkandaa, nyeusi inayoelekea wekundu ukiishika juani. Sasa tia asidi kwa matone huku ukikoroga. Kuna wakati hutaona kitu kabisa, unaweza kukata tamaa. Halafu, pH ikishuka chini ya 2, maji yanaanza kuonekana kama yana vumbi, vumbi linashikamana kuwa vitone, na vitone vinazama. Hiyo ndiyo asidi ya humiki. Maji yanayobaki juu yana rangi ya mkojo wa asubuhi, nayo yamebeba asidi ya fulviki, ndugu yake mdogo asiyeganda kwa asidi wala kwa kostiki.

Hatua hii ina faida nyingine ambayo kwangu imekwisha lipa gharama za vifaa vyote. Maji meusi yanayouzwa kwenye chupa kama humiki yapime hivi hivi: kijiko kimoja cha chai ndani ya nusu glasi ya maji ya mvua, kisha asidi mpaka pH 1. Humiki ya kweli itaganda na kuzama. Molasi haigandi. Lignosalfoneti, mabaki ya viwanda vya karatasi yenye rangi ile ile ya kahawia, nayo haigandi. Chupa moja niliyowahi kununua kwa bei ya mfuko mzima wa samadi ilibaki nyeusi tii kama nilivyoimimina, hakuna hata punje iliyozama. Niliponusa vizuri nikasikia harufu ya miwa.

Acha mgando utulie saa kadhaa, mwaga maji ya juu, usuuze mara moja kwa maji yenye tone la asidi. Kisha uyeyushe tena kwa kostiki ile ile, matone machache tu, ongeza maji ya mvua hadi mililita 100 na urekebishe pH ifike 7. Usiipite. Kwenye pH ya 9 au 10 shaba itaganda yenyewe bila msaada wa humiki, na utajidanganya.

Siku ya tatu: vichupa sita

Vichupa vitano tia kila kimoja mililita 10 za humiki yako. Cha sita tia mililita 10 za maji matupu. Sasa ongeza mililita 1: cha kwanza maji ya mvua, cha pili chumvi ya mezani, cha tatu kalsiamu, cha nne shabu, cha tano mrututu, na cha sita, kile cha maji matupu, nacho mrututu. Tikisa vyote, viweke dirishani, kanywe chai.

Ukirudi, cha kwanza na cha pili havitakuwa na tofauti. Sodiamu ina chaji moja tu, inazungukazunguka jirani na humiki bila kukamatwa. Cha tatu kitakuwa kimeganda. Kalsiamu ina chaji mbili, inazima chaji hasi za vipande viwili kwa mpigo na kuviunganisha, na vikishaacha kusukumana vinaangukiana. Cha nne kimeganda pia, mara nyingi haraka zaidi, kwa sababu alumini ya shabu ina chaji tatu. Hapo umeona kwa nini shabu husafisha maji ya mto yenye rangi ya majani yaliyooza. Na mto usio na chumvi nyingi, kama Ruki unaoingia Kongo pale Mbandaka, hubaki mweusi kama chai kwa sababu hakuna kalsiamu ya kutosha ya kuigandisha humiki yake.

Cha tano ndicho kisa chenyewe. Humiki imeganda, lakini usiishie kutazama mgando. Uliza shaba iko wapi. Chuja cha tano, pokea maji yake kwenye chupa safi, ongeza maji ya amonia matone kumi. Fanya hivyo hivyo kwa cha sita. Amonia ikikutana na shaba iliyo huru hutoa bluu nzito, ile ya wino wa kalamu. Cha sita kitakuwa bluu mara moja. Cha tano kitakuwa bluu hafifu, au kisiwe na bluu kabisa, kutegemea mboji yako ilikuwa na humiki kiasi gani. Shaba ambayo huioni imebaki kwenye karatasi ya kuchujia.

Wanafunzi wangu wajanja hupenda kupima pH kabla na baada, wakiona imeshuka wanashangilia kwamba shaba imeingia na haidrojeni imetoka. Kimsingi ni kweli, ndivyo inavyokuwa. Ila mrututu wenyewe ukiwa majini tayari ni asidi kidogo, kwa hiyo kushuka kwa pH peke yake hakuthibitishi lolote. Amonia haina utata huo.

Kwa nini shaba inashikwa kwa nguvu kuliko kalsiamu? Kalsiamu inavutwa kwa chaji, basi. Shaba inaenda hatua zaidi, inafunga kifungo na oksijeni au naitrojeni ya humiki, na ikipata makundi mawili yaliyokaa karibu inabanwa katikati. Wanakemia huita hali hiyo kelati, neno lililotoka kwa Kigiriki likiwa na maana ya gando la kaa. Mtu aliyewahi kubanwa na kaa hahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1953 Harry Irving na Robert Williams walionyesha kuwa shaba na metali jirani zake zina mpangilio wao wa nguvu ya kushikwa: manganisi chini, kisha chuma chenye chaji mbili, kobalti, nikeli, shaba juu kabisa, halafu zinki inashuka. Mpangilio huo unajirudia kwa vishikaji vingi sana, humiki ikiwemo.

Zamu ya pampasi

Pampasi iwe mpya, tafadhali. Ichane ndani ya mfuko wa plastiki, ikung'ute, punje ndogo nyeupe kama chumvi zitakusanyika kwenye kona ya mfuko. Usizivute puani. Pima nusu gramu, mimina kwenye bakuli lenye mililita 150 za maji ya mvua. Ndani ya dakika chache utakuwa na uji mzito unaong'aa. Kinachovimbisha ni zile chaji hasi zinazosukumana, na sodiamu zilizonaswa humo ndani zinazovuta maji yazifuate.

Gawa uji huo kwenye glasi tatu. Ya kwanza tia kijiko cha chai cha chumvi kavu. Ya pili tia mililita 30 za maji ya kalsiamu, ya tatu mililita 30 za mrututu. Koroga, subiri robo saa. Ya kwanza itakuwa imelegea na kuachia maji. Ya pili itakuwa imesinyaa vipande vipande vigumu. Ya tatu ndiyo watoto wote wanaizungukia: punje zinakuwa bluu kuliko maji zilizomo, zinakunjamana, ukizibonyeza kwa kidole chenye glavu zinarudi kama ufizi.

Sasa chuja kila moja, urudishe kwenye maji safi ya mvua, subiri saa moja. Ile ya chumvi inavimba tena taratibu, kwa sababu sodiamu ilikuwa inasumbua tu. Ile ya kalsiamu inabaki imesinyaa: kalsiamu imefunga mafundo mapya kati ya minyororo. Ile ya shaba inabaki imesinyaa na bluu yake haitoki hata ukibadilisha maji mara tatu. Anayewauzia wakulima unga wa namna hii kwa kutunza unyevu shambani angepaswa kuwaonyesha hii glasi ya pili, maana maji ya kisima kigumu na mbolea zenye kalsiamu zinaipunguzia nguvu kila mara unapomwagilia. Mimi siwezi kuweka pesa yangu hapo.

Ufunguo ni asidi

Chukua punje za bluu, zitie kwenye asidi yako kidogo. Bluu inahama kutoka punjeni kwenda majini mbele ya macho yako. Haidrojeni zimerudi kwenye nafasi zake na shaba imefukuzwa. Chukua na mgando wa shaba na humiki uliobaki kwenye karatasi ya kichupa cha tano, uloweke kwenye asidi, chuja, ongeza amonia ya kutosha hadi harufu yake ishinde asidi. Bluu hiyo, imetoka. Humiki yenyewe imebaki karatasini.

Lakini ukipunguza asidi, ukatumia maji ya pH 4 au 5 badala ya 1, utaona tofauti kati ya wawili hawa. Humiki ina mikono ya kila aina. Michache inabana sana, yale magando ya kaa, na mingi ni dhaifu. Shaba ya kwanza kuingia inakamata sehemu bora na haitoki kirahisi, ya mwisho inakaa ukingoni na ndiyo ya kwanza kuondoka. Mikono ya poliakrilati inafanana yote. Kwa hiyo polima inabeba mzigo mkubwa, humiki inachagua zaidi, na kama shaba iliyopo ni kidogo sana, humiki inaishikilia kwa ukaidi usiouona kwenye pampasi.

Kihambani maana yake ni hii. Kopa inayopulizwa miaka nenda rudi inaishia kwenye udongo wa juu, na mboji ndiyo inayoishikilia isiunguze mizizi. Mshiko huo una sharti la pH. Ukimwaga mbolea ya SA (salfeti ya amonia) mwaka hadi mwaka bila chokaa, udongo unakuwa mchachu, na shaba iliyolala miaka ishirini inaanza kuamka. Pima pH kabla hujanunua humiki ya chupa. Na kama unapanda upya, miche ya TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) inayostahimili kutu na ugonjwa wa chule buni itakupunguzia kopa yenyewe, ambalo ni jambo bora kuliko kuitafutia mlinzi.

Bombani, na baada ya kazi

Kabla ya kuchanganya chochote na humiki, fanya kwanza kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa vipimo vile vile vya lebo, uache nusu saa. Ukiona vumbi linazama, usiweke kwenye bomba. Kopa, chokaa, kalsiamu naitreti na maji magumu ya kisima vyote vinaweza kuigandisha. Humiki yangu sasa naimwaga shinani kwa kopo. Kopa ina siku yake, na bomba husuuzwa mara mbili katikati.

Mabaki yote yenye mrututu yakusanye kwenye ndoo ya plastiki, tia chokaa huku ukikoroga mpaka pH ifike 9. Mashapo ya bluu yatazama. Mimina maji ya juu mbali na mfereji, kwani shaba kidogo tu inaua samaki, na huku kwetu mfereji wa juu ni kisima cha mtu wa chini. Mashapo yaanike, yafunge kwenye mfuko, yaandike jina, yakae maabara.